Sifa za Bi Dosari

Injini ikiungua, kila mtu huona moshi. Hitilafu ya aina hiyo ni ya kishamba, haina siri wala adabu. Anayestahili kiti cha mbele ni Bi Dosari, yule mdogo: lehemu isiyoshika, waya uliolegea, mstari mmoja wa programu uliosahaulika. Majaribioni hukaa kimya kama mwali. Hujitokeza siku ya wageni rasmi.

Mtazame mwanafunzi wa uhandisi saa nane za usiku, roboti imelala mezani. Anashika waya kwa vidole viwili, anautikisa, gurudumu linazunguka. Anauachia, linakufa. Anaushika tena, pumzi kaibana. Ni mhadhara gani wa umeme uliowahi kusikilizwa kwa unyenyekevu huo?

Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walifundishwa na Bi Dosari jangwani. Oktoba 8, 2005, pikapu yao isiyo na dereva, Prospect Eleven, iliingia kwenye mashindano ya DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, huko Mojave, njia ya kilomita 212. Wenzao walikuja na leza zimejaa paani. Pikapu hii ilitegemea kamera kuona njia. Ikaenda vizuri kilomita kama 15, kisha ikaishia hapo.

Ilikuwaje? Programu ilitakiwa kusahau kila kizuizi kilichokwisha kupitwa. Haikusahau. Kila kichaka na kila jiwe lililobaki nyuma liliendelea kushikiliwa kwenye kumbukumbu, orodha ikarefuka, kompyuta ikaelemewa na vinyongo vya njia nzima. Yaliyopita si ndwele, lakini nani angeifundisha pikapu ile Kiswahili? Dawa yenyewe, ilipopatikana baada ya mashindano, ilikuwa mstari mmoja tu wa programu.

Wala Bi Dosari habagui wakubwa. H1ghlander, gari la Hummer la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, liliongoza siku hiyo hiyo mpaka injini ikaanza kuishiwa nguvu, likamaliza la tatu. Wataalamu wakakuna vichwa. Ilipofika 2017, miaka 12 baadaye, ndipo ikagundulika kwamba kichujio kimoja cha umeme penye injini kilikuwa kibovu: ukikiegemea tu, injini inazimika. Zawadi ya mshindi, dola milioni 2, ilikuwa imekwisha kwenda Chuo Kikuu cha Stanford zamani.