Farao wa Kalimoni

Hongera, wazazi wa Kalimoni, Juja, mliomtoa mtoto shule ili asome nyumbani kwa vitendo. Jumatatu mlijenga piramidi ya Misri kwa vipande vya sukari. Sisimizi wakahitimu kabla ya mwanafunzi. Jumanne ikawa volkano ya siki, baking soda na rangi nyekundu. Somo liliisha, doa la zulia lingalipo. Sasa mtoto wa miaka sita anamjua Farao kuliko anavyomjua chifu wake.

Lakini penye miti hapana wajenzi. Mlima Kilimambogo uko pale, unaonekana bila kulipia intaneti. Huko amelala McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemkaribisha rais mstaafu Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka 1909. Alipofariki 1925, husimuliwa, gari lililobeba jeneza lake lilishindwa na mlima, akazikwa kabla ya kufika kileleni. Uzito, mwinuko, injini, ukoloni: historia na sayansi katika kaburi moja, na wala hapahitajiki gundi.

Hata mkonge wa Juja na Thika una hadithi. Mmea huo ni wa Mexico. Mwaka 1893 miche yake iliingia Afrika Mashariki kupitia Tanga, kutoka Florida. Juzi mtoto aliuona barabarani akauliza, “Baba, huu ulipandwa na nani, na nani aliukata?”

“Nyamaza, mwanangu,” akajibiwa. “Leo tunakausha maiti ya Farao.”