Usingizi wa Mteremko

Wiki moja kabla ya safari nilimlaza mama yangu mlimani. Daktari alikuwa amemwambia kiungulia chake kitapungua upande wa kichwani wa kitanda ukiinuliwa sentimita 15 hadi 20. Nikaenda uani, nikaokota matofali manne yaliyobaki tulipojenga banda la kuku, nikayapanga mawili mawili chini ya matendegu ya kichwani. Kazi ya dakika kumi. Nikapangusa mikono kama fundi aliyemaliza ghorofa.

Kesho yake mama akaja kwenye chai amekunja uso.

"Mwanangu, mimi usiku kucha nateremka."

"Unateremka wapi, mama?"

"Naelekea miguuni. Nalala Tanga, naamkia Pangani."

Nikacheka. Nikamweleza, kwa ile sauti ya mtu aliyesomeshwa, kwamba ni matofali mawili tu na mwili utazoea. Mama akanitazama, akachovya andazi lake kwenye chai, akasema, "Haya." Wanaomjua mama yangu wanajua kwamba "haya" yake si kukubali. Ni kuweka akiba.

Safari yenyewe ilikuwa ya Geneva, nilikoitwa kufanya ukalimani kwenye mkutano wa siku tatu. Wenyeji walinikatia tiketi ya daraja la kawaida, nami nilishukuru. Kisha ikaja barua pepe ya shirika la ndege, ambalo nitalisitiri: kama napenda kuhamia daraja la biashara, niseme mwenyewe nitatoa kiasi gani, na atakayetoa dau zuri ndiye atakayepandishwa. Mnada, kama wa samaki pale Deep Sea, ila hapa huwaoni unaoshindana nao wala humwoni samaki. Kulikuwa na mshale. Ukiweka fedha kidogo mshale unajilaza kwenye rangi nyekundu kwa aibu. Ukiongeza, unanyanyuka kuelekea kijani. Na juu ya mshale kulikuwa na picha ya bwana mmoja amelala fofofo, mkono chini ya shavu, na maneno: kiti kinachonyooka digrii 180.

Nilikuwa na dola 450 nilizoziweka kando kwa mabati ya jikoni, yanayovuja tangu masika. Nilijiambia ni kiangazi. Mabati hayavuji kiangazi. Mshale ukasimama kwenye kijani, na siku mbili baadaye nikaambiwa nimeshinda.

Ndege iliondoka Dar es Salaam karibu na saa sita usiku. Nilipoingia mlangoni nikaelekezwa mbele badala ya nyuma, na nakiri niligeuka polepole ili wanaokwenda nyuma wapate muda wa kuniona. Nikapewa taulo ya moto, juisi kwenye bilauri ya kioo, na kifuko chenye soksi, mswaki na kitu cha kufunika macho. Jirani yangu, upande wa njia, alikuwa mzee wa Kizanzibari mwenye kofia ya viua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanieleza kwamba amestaafu uhandisi wa meli na anakwenda kwa binti yake Denmark. Kisha akavua viatu, akavipanga sambamba, akafumba macho akiwa bado ameketi. Nikamhurumia. Nikadhani hajui kwamba kiti kinalala.

Mimi nilijua. Chakula kilipoondolewa nikabonyeza kitufe chenye picha ya kamtu kalikolala, kiti kikaanza kunguruma na kujinyoosha. Mgongo ukashuka, miguu ikapanda, kiti kiliponyooka kabisa kikasimama. Nikavuta blanketi, nikaweka mkono chini ya shavu, sawasawa na yule bwana wa kwenye picha.

Aliyeanza safari ni blanketi. Liliniaga kifuani, likapita magotini, likakusanyika miguuni kama mbuzi wanaokimbia mvua. Nikalifuata. Kwanza mabega yaliuacha mto, ukabaki kule juu peke yake kama kofia iliyosahauliwa barazani. Halafu kiuno. Nyayo zilikuwa ndani ya kijipango chini ya kiti cha mbele, na pango lilipokwisha magoti yakaanza kukunjika. Baada ya kama dakika ishirini nikazinduka kidevu kimegusa kifua, nimekunjamana kama mkeka uliosimamishwa kwenye kona. Nikajikokota kwa viwiko kurudi juu. Nikateremka tena. Nikapanda tena. Nimewaona wakwezi wa minazi maisha yangu yote, lakini sijawahi kuona anayekwea chali, gizani, amevaa soksi za zawadi.

Katika upandaji wa nne au wa tano ndipo nilipoelewa nilivyouziwa. Kiti kilikuwa kimenyooka kweli. Mgongo na miguu vilikuwa mstari mmoja, ungeweza kupiga rula. Lakini digrii 180 ni pembe iliyopo kati ya sehemu moja ya kiti na nyingine. Haisemi neno lolote kuhusu sakafu. Hata ngazi iliyoegemezwa kwenye mnazi imenyooka digrii 180, na hakuna aliyewahi kuitandikia shuka. Hilo liliniuma kuliko kiuno. Mimi ninayelipwa kwa kutofautisha maneno, nilishindwa kutofautisha kunyooka na kulala.

Mteremko ule si kosa la fundi. Ni hesabu ya nafasi. Mwaka 2000 British Airways ilianza kuweka vitanda bapa katika daraja lake la biashara, anasa ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya daraja la kwanza. Mashirika mengine yalitaka kujibu, lakini mtu aliyelala bapa ana urefu, na urefu unakula safu za viti. Basi ikapatikana njia ya kati: mlaze abiria kwa kumwinamisha digrii 8 au 10, miguu yake ipenye chini ya kiti cha mwenzake wa mbele, safu zibaki karibu karibu. Siku hizi ndege nyingi mpya zina vitanda bapa vya kweli. Ila viti vya ndege havitupwi kama betri za redio. Vinaendelea kuruka hadi zamu yao ya kung'olewa ifike, na mimi nilikuwa nimeshinda mnada wa kimoja ambacho zamu yake haijafika.

Nikiwa bado natafakari hayo, simu ikaniponyoka mfukoni. Nikaisikia ikigonga chuma, kisha kimya. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe ili niinue kiti niitafute.

"Bwana! Tafadhali usiguse kiti!"

Sikujua mhudumu wa ndege anaweza kukimbia namna ile. Akanieleza kwamba simu ikibanwa na mitambo ya kiti, betri yake ya lithiamu inaweza kupasuka na kuwaka moto, na moto ni kitu cha mwisho wanachokitaka angani. Kwa hiyo kiti kisisogezwe hata kidogo mpaka simu ipatikane. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita wa tatu, mwenye tochi. Wakapiga magoti.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayekitaka cha mvunguni halafu anakatazwa kuinama, wanainama watu watatu wenye tai kwa niaba yake, naye anasimama njiani mbele ya daraja zima la biashara huku kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Maana zile za zawadi nilikuwa nimeshazitoboa kwa kupanda.

Simu ilipatikana baada ya robo saa. Haikuwa chini ya kiti changu. Nayo ilikuwa imeteremka, ikapita pangoni, ikatokea upande wa pili na kutua ndani ya kiatu cha bwana mmoja wa mbele aliyekuwa akikoroma. Simu yangu ilikuwa imepata mahali bapa pa kulala kabla yangu mimi.

Niliporudi kukaa nikamkuta mzee amefumbua jicho moja.

"Bwana mdogo," akasema, "wewe unapigana na chombo."

Nikamwambia chombo ndicho kilichoanza.

"Skiza. Omo ya ndege hii iko juu. Ikishakaa hewani huenda imenyanyua pua digrii mbili, tatu hivi. Maana yake hapo unapoteremka, ndege yenyewe inakusaidia, inakuinulia miguu. Ngoja ianze kushuka, pua ilale. Ndipo utakapoujua mteremko."

Nikamuuliza afanyeje basi mtu anayetaka kulala. Akacheka bila sauti. Akanionyesha kiti chake, na kwa mara ya kwanza nikakitazama vizuri: hakuwa ameketi. Alikuwa amekilegeza mgongo mpaka kama robo tatu ya safari yake, akakisimamisha hapo, akainua kidogo sehemu ya mapaja, na chini ya mapaja, nyuma tu ya magoti, alikuwa amesokomeza blanketi lililoviringishwa kama gogo.

"Umewahi kumwona utingo lori linapoharibika kilimani?" akaniuliza. "Anaweka nini nyuma ya tairi?"

"Jiwe."

"Basi na wewe jiwekee jiwe. Magoti yakikunjika kidogo, makalio hayana pa kwenda. Na usilalie hayo mablanketi yao, yanateleza kama kambare. Tafuta pamba."

Pamba nilikuwa nayo. Mama alinipa kanga yake ya zamani, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio, nijifunike kwa kuwa ndege zina baridi, nami niliiweka chini kabisa ya mkoba ili isionekane kwenye daraja la biashara. Nikaitoa. Nikaitandika, nikaviringisha blanketi, nikajiwekea jiwe. Nikakaa nusu ya kulala na nusu ya kuketi, kama mtu aliyesinzia barazani baada ya pilau. Sikuteremka.

Lakini usingizi haukuja mara moja, kwa sababu akili ilikuwa imeshaanza kupiga hesabu. Nikachukua kalamu na kitambaa cha karatasi. Kiti kinainama digrii 8 au zaidi. Ondoa zile mbili za pua ya ndege. Zinabaki kama 6. Halafu nikachora kitanda cha futi 6 na kukiinua kichwani sentimita 20, yaani matofali mawili. Nikatafuta pembe yake kwa kikokotoo cha kwenye simu.

Digrii 6 na ushei.

Nikakikunja kile kitambaa taratibu nikakitia mfukoni. Naelekea miguuni, alisema. Nikacheka.

Nililala saa mbili nzuri. Alfajiri pua ya ndege ikalala, kama mzee alivyobashiri, na kabla wahudumu hawajapita kutuamsha nikaona abiria wa safu za mbele wakizama mmoja mmoja nyuma ya migongo ya viti vyao, kama majahazi yanayopotelea kwenye upeo wa macho. Mimi na mzee tukabaki juu na mawe yetu.

Ya Geneva hayana hadithi. Kitanda cha hoteli kilikuwa bapa kabisa, na usiku wa kwanza nilihisi kichwa kiko chini. Wakati wa kurudi sikualikwa mnadani, na hata ningealikwa mshale ungejilaza kwenye nyekundu. Nikakaa daraja la kawaida, kwenye kiti kinachorudi nyuma upana wa kiganja na hakijiiti kitanda. Nikasinzia saa nne mfululizo, mdomo wazi. Kiti kisichoahidi kitu hakidaiwi.

Nyumbani mama alisubiri nimalize kuoga na kunywa uji.

"Haya. Kitanda cha angani kikoje?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa na kitambaa cha karatasi mfukoni, nacho kiliona kila kitu.

"Kinateremka, mama."

Akaweka kikombe chini. Nikamwona akienda kuifungua akiba yake.

"Unateremka wapi, mwanangu?"

"Naelekea miguuni."

"Mwili utazoea," akasema kwa ile sauti yangu mwenyewe, ya mtu aliyesomeshwa. "Na ulilipa?"

"Dola 450."

"Mimi matofali yangu yalikuwa ya bure. Na hela hizo ulizitoa wapi?"

Nikatazama dari ya jikoni. Naye akaitazama.

"Mabati nimeyalalia, mama."

"Hukuyalalia. Umeyatelezea."

Nikainuka, nikachukua blanketi, nikaenda chumbani kwake ili kwa mara ya kwanza nifanye jambo la maana kuhusu kitanda kile. Nilitaka kumtengenezea gogo kama la mzee. Nikafunua shuka. Chini ya godoro, pale hasa yanapofika magoti, kulikuwa na mto wa zamani wa sufi, umefungwa kamba mbili usisogee. Na kamba zilikuwa na vumbi, hazikufungwa jana.

"Mama, huu uliuweka lini?"

"Usiku wa pili," akajibu kutoka jikoni. "Nilikwambia nateremka. Sikukwambia sijui la kufanya."