Shingo Mbili, Mkono Mmoja

Wakenya wapenzi wa kauntri wanaijua sauti ya gitaa la stili hata kama hawajawahi kuliona: ule mlio unaojivuta kwa uchungu nyuma ya Mmarekani aliyeachwa na mke. Mimi nililiona huku Texas, na mkosi ulivyo, nilikuwa na pesa mfukoni.

Gitaa hili halipakatwi. Linasimama kwa miguu yake, nyuzi zikitazama juu, nawe unakaa nyuma yake. Tangu 1954, Bud Isaacs aliposikika akikanyaga pedali katika wimbo wa Webb Pierce, sifa zote zimekwenda kwa mguu. Mkono wa kulia hausifiwi na mtu, ilhali ndio unaoteseka. Unavalishwa kucha ya plastiki kwenye dole gumba na za chuma kwenye vidole viwili, kisha unapewa kazi mbili zinazogombana: kupiga nyuzi na kuzinyamazisha. Nyuzi hizi haziachi kulia upesi. Usipozizima kwa ubavu wa kiganja, noti uliyoiacha inaifuata unayoipiga.

Langu lilikuwa la shingo mbili, nyuzi kumi kila moja. Shingo ya mbali hufungwa kwa mpangilio wa sauti uitwao E9, ndiyo ya kauntri. Ya karibu na tumbo ni C6, ya swingi ya Texas na jazi. Kwa hiyo ukipiga kauntri, mkono unavuka juu ya nyuzi kumi zisizohusika. Swichi ndiyo inayoamua shingo ipi isikike, na ikikaa katikati zinasikika zote mbili. Katika harusi moja ya Waswahili wa huku, mtoto fulani mwenye suti alipita akaigusa. Bibi harusi anaingia, mimi niko E9 nabembeleza, na kifungo cha mkono wa shati langu kinakwaruza nyuzi nene za C6 kila ninaposogea. Mchungaji alitazama spika. Mama mkwe alinitazama mimi.

Nikaliuza, nikachukua la shingo moja. Mgongo ulishukuru, maana lile la kwanza ndani ya sanduku lake lilikuwa kilo 30 na ushee. Mkono haukushukuru. Nyuzi sasa ziko karibu na tumbo, kiwiko kimerudi nyuma ya mbavu, kifundo cha mkono kimejikunja, kiganja kimeinuka. Kiganja kikiinuka, kuzima nyuzi ni ndoto. Halafu ukikaza vidole kwa hasira, kucha zinachomoka. Katika sherehe nyingine, ya kidole cha kati iliruka ikatua kwenye sahani ya pilau ya mgeni wa heshima, ambaye alikula nusu sahani kabla hajaigundua. Alisema alidhani ni iliki.

Kumbe mafundi walishaliona tatizo hili zamani. Wanatengeneza gitaa lenye upana wa shingo mbili lakini shingo moja tu, ile ya mbali. Mahali pa ya pili wanaweka mto wa ngozi. Yaani mtu anabeba ubao wa shingo isiyokuwepo ili mkono wake upate pa kulala. Nilicheka sana, kisha nikalijaribu moja, nikaulaza mkono mzima juu ya ule mto, na kiganja kikashuka chenyewe.

Anayeanza achukue hilo la mto. Ukishikilia kununua la shingo mbili, basi vaa shati la mikono mifupi.