Moduli ya Bwana Fundi

Katika shule moja ya bweni kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, ambayo jina lake nalisitiri, yuko fundi wa kompyuta mwenye tai na haiba, ambaye alipoulizwa na programu ya kusanidi kiini (kernel) cha Linux kama uwezo wa NFS, ule utaratibu wa kutumia mafaili yaliyo katika mashine nyingine, uliobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984, aujengee ndani ya kiini chenyewe, auweke kando uwe moduli, ama auache kabisa, alijibu "moduli" kwa utulivu wa mzee wa baraza la Njuri Ncheke akikata shauri pale Nchiru.

Jawabu hilo aghalabu ni la busara, maana moduli hupakiwa pale tu ihitajikapo. Ila mashine za darasa lake hazina diski, na kila faili zitumialo hutoka katika seva ya chumba cha pili kwa NFS hiyo hiyo, hata ikawa moduli ya kuifikia seva imo ndani ya seva. Ingewezekana kuifungasha katika kifurushi cha initramfs, ipakiwe pamoja na kiini, lakini hayo yameandikwa katika maelezo, na bwana wetu, alhamdulillahi, ni mtaalamu.

Kila asubuhi, basi, mashine zote hutaharuki kwa pamoja, wanafunzi hupewa ruhusa ya kwenda kucheza mpira, naye ameshaiandikia kamati ya ununuzi, kwa taadhima, akiomba seva kubwa zaidi na posho ya kwenda kuikagua Nairobi.