Ukiishiwa, Ulipie

Benki za Uingereza ziligundua zamani kwamba mtu asiye na kitu ni mgodi. Akaunti ikiishiwa na malipo yakapita salio bila idhini, zilimkata takriban pauni 30 kumkumbusha kwamba hana hela, kana kwamba alikuwa hajui. Makato hayo yakamzamisha zaidi, akakatwa tena.

Mwaka 2006 na 2007 wateja wakaamka: barua ya madai, kisha mahakama ya madai madogo. Ajabu, benki zenye mawakili tele zikawa zinarudisha fedha kabla hakimu hajakohoa. Asiye na kosa ana haraka gani ya kulipa?

Novemba 2009 Mahakama ya Juu ikazipa benki ushindi: makato yale ni sehemu ya bei ya huduma, hivyo kiwango chake hakipimwi kwa kanuni za masharti yasiyo ya haki. Hongera, mteja! Kumbe hukuadhibiwa, ulihudumiwa.

Aprili 2020 mdhibiti wa huduma za fedha akapiga marufuku ada hizo za mkupuo. Benki nyingi zikatii kwa adabu zote, kisha zikapandisha riba ya kutumia zaidi ya salio hadi karibu asilimia 40 kwa mwaka. Basi ukikatwa isivyo haki, dai chako mapema, kwa maandishi. Huruma yao nayo ina ada.