Sifa za Chipu Mbovu

Chipu mbovu ya mantiki ni kipande cha plastiki nyeusi chenye miguu 14, 16 au 20, ambacho kikiwa kizima hakuna anayekijua na kikifa hakuna anayelala. Makao yake ni bodi ya kompyuta ya zamani iliyoundwa nyumbani, katikati ya kundi la chipu zinazofanana nayo kwa rangi na umbo. Watu husifu mabingwa waliobuni kompyuta hizo, husifu prosesa, husifu hata televisheni kuukuu iliyogeuzwa kioo chake. Chipu mbovu haijapata wa kuisifu. Hiyo ni dhuluma, maana hakuna kifaa kingine kwenye bodi kilichowafundisha watu elimu nyingi kiasi hicho kwa gharama isiyofika dola moja.

Nasaba yake haina doa. Mtindo wa kuunganisha transista kwa transista ndani ya kipande kimoja cha silikoni, unaojulikana kwa herufi TTL, ulibuniwa na James Buie wa kampuni ya TRW huko Marekani mwaka 1961. Mwaka 1964 Texas Instruments ikatoa mfululizo wa 5400 kwa matumizi ya kijeshi, unaostahimili kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125 juu yake. Miaka miwili baadaye ukafuata wa 7400 uliovikwa plastiki, wa bei nafuu, ulioahidi nyuzi 0 hadi 70 tu. Wa kwanza uliumbwa uvumilie vita, wa pili uvumilie ofisi. Katika miaka ya 1970 ukaja ukoo wa 74LS, unaokula umeme wa takriban miliwati 2 kwa kila geti pale mkubwa wake alipokula 10, na mwendo wao ukabaki karibu ule ule: kama sehemu 10 za bilioni moja za sekunde kati ya swali na jibu.

Ukoo huu uliingia majumbani pamoja na kompyuta za kujiundia. Altair 8800 ilitokea kwenye jalada la gazeti la Popular Electronics la Januari 1975, na mwishoni mwa 1977 Uingereza ikapata Nascom 1, iliyouzwa pauni 197.50 kabla ya kodi. Kwa fedha hizo mnunuzi hakupewa kompyuta. Alipewa bodi tupu na vipande vyake, akaketi mezani na pasi ya kulehemu: prosesa ya Z80, memori ya chipu 16 za namba 2102, chipu ya 2708 yenye programu ya kuamshia mashine, na chipu za TTL zilizotawanyika kote kufanya kazi ndogo ndogo zisizotajwa kwenye matangazo. Mwisho wa kazi, kama kila kitu kilikwenda sawa, televisheni ya sebuleni ilionyesha mistari 16 ya herufi 48. Chipu mbovu ilihusika pale kila kitu kisipokwenda sawa.

Sifa yake inayoonekana mapema ni unyenyekevu. Haitoi moshi, haipasuki, haibadiliki rangi. Hata maandishi yaliyo mgongoni hayaisaliti, bali huongeza ukungu wake mwenyewe. Watengenezaji wa zamani walichapa namba ya chipu na, pembeni, tarakimu nne za tarehe: mbili za mwaka na mbili za wiki. Chipu iliyotoka wiki ya 32 ya mwaka 1974 ina alama 7432, ambayo ni namba halali ya chipu nyingine kabisa, yenye mageti manne ya AU. Hivyo kipande kimoja kinaweza kujitangaza kuwa vitu viwili, na mgeni wa fani akakichomeka mahali pasipo pake kwa moyo mweupe. Katika hali hiyo chipu nzima hupata heshima ya chipu mbovu bila kuifanyia kazi.

Ubora wake wa juu kabisa, hata hivyo, uko katika namna zake za kufa. Viumbe wengine wana kifo cha aina moja. Chipu ya mantiki ina kadhaa, na kila kimoja kina adabu zake. Kuna kifo cha kung'ang'ania, ambapo mguu wa kutolea jibu umeshikamana na ardhi na hausemi lolote ila sifuri. Hiki ni cha wasiojiweza, na hugunduliwa upesi. Kuna kifo cha kuelea, ambapo uzi ndani ya plastiki umekatika na mguu umebaki pambo. Kuna kifo cha uvivu: jibu ni sahihi lakini linafika baada ya prosesa kuondoka. Kisha kuna kifo cha joto, ambacho humwacha mwenye mashine afanye kazi kwa furaha mpaka bodi ipate moto. Hapo kioo hujaa takataka, mashine huzimwa, hupoa wakati fundi anatafuta bisibisi, na ikiwashwa tena haina dalili yoyote ya ugonjwa. Mgonjwa anayepona kila anapomwona daktari ana kipaji kisichopaswa kupuuzwa.

Kifo cha kuelea kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Geti la NAND la 7400 lina miguu miwili ya kuuliza na mmoja wa kujibu, na hutoa sifuri pale tu maswali yote mawili yanapokuwa moja. Uzi wa mguu wa kwanza ukikatika ndani, TTL huusoma mguu huo kana kwamba una moja daima. Hapo yapigwe mahesabu. Maswali yakiwa sifuri na sifuri, jibu linabaki sahihi. Moja na sifuri, sahihi. Moja na moja, sahihi. Ni sifuri na moja peke yake inayojibiwa vibaya. Geti lililokufa linapata alama 75 kwa 100, na mtoto akirudi nyumbani na alama hizo hununuliwa soda. Kompyuta nayo inaweza kuendelea siku nzima bila kuuliza lile swali la nne, hadi programu moja tu, tena ile inayopendwa, iliulize.

Wapo wanaoilaumu chipu hii kwa ukimya. Lawama hiyo haina msingi, kwa sababu kifo chake kikitokea mahali panapofaa huleta maandishi mengi kuliko uzima. Chukuliwe dekoda ambayo kazi yake ni kuiamsha 2708 prosesa inapotaka amri. Dekoda ikifa, 2708 hailetwi kazini, na katika bodi ambazo njia za data huvutwa juu na rezista, prosesa inasoma moja tupu kwenye njia zote nane, yaani FF. Kwa Z80 FF si upuuzi. Ni amri kamili: weka akibani anwani ya kurudia, kisha rukia anwani 0038. Ikifika 0038 inakuta FF nyingine, inaweka akibani 0039, inarukia pale pale, na kuendelea hivyo ikishuka katika memori yote tangu juu hadi chini. Kwenye mashine kama Nascom, ambayo kioo chake ni sehemu ya memori, matokeo yake ni ya kupendeza, kwani 39 katika hesabu ya kumi na sita ndiyo alama ya tarakimu 9. Kufumba na kufumbua kioo kimejaa tisa, zikipishana na alama ambayo namba yake ni 00. Chipu iliyokufa imeandika ukurasa mzima, na aliyezoea kuusoma anajua kwamba prosesa ni nzima, memori ya kioo ni nzima, na kwamba anayetafutwa yuko kwenye njia ya kuelekea 2708.

Elimu nyingine ambayo chipu mbovu imeieneza ni ile ya kupima, na huanza na umeme kwa sababu wapo wadanganyifu wanaojifanya chipu mbovu. Ukoo huu unataka volti 5, usipungue 4.75 wala usizidi 5.25. Umeme ukishuka hadi 4.5, chipu nzima kabisa huanza kuropoka, na aliyekwisha kung'oa sita kati yake bila kupima umeme amezitenda visivyo. Baada ya umeme huja kidole. Hupitishwa juu ya migongo, na inayounguza ndiyo hushukiwa, ingawa 2708 na Z80 huwa na joto hata zikiwa na afya njema, na vidole vingi vimetoa ushahidi wa uongo dhidi yao.

Kisha huja mita ya kawaida, na hapa chipu mbovu huonyesha ucheshi wake. Kwa TTL, chochote kilicho chini ya volti 0.8 ni sifuri, chochote kilicho juu ya 2.0 ni moja, na kilicho katikati hakina jina. Mguu unaoelea hukaa katikati hapo, karibu na volti 1.5. Mita ikionyesha 1.6, fundi hushangilia kwamba amemkamata mwizi. Lakini mita huonyesha wastani, na njia nzima inayopanda na kushuka mara milioni kwa sekunde, nusu ya muda juu na nusu chini, nayo inaweza kusoma hivyo hivyo. Kinachotenganisha mfu na mchapakazi ni osiloskopu, au kalamu ya kupimia yenye taa ndogo: moja ya juu, moja ya chini, na moja ya kuonyesha kwamba kuna mapigo. Kalamu hiyo ni ya bei ndogo, na pengine ndicho chombo pekee ambacho chipu mbovu inakiogopa.

Jaribio zuri kuliko yote lililozaliwa kutokana na mateso haya ni lile la kuinyima prosesa kazi. Chipu za memori hung'olewa, na njia zote nane za data hufungwa kwenye ardhi kwa rezista, ili Z80 isome 00 popote inapoangalia. 00 maana yake ni usifanye kitu, nenda mbele. Prosesa basi hutembea anwani zote 65,536 mikono mitupu, ikirudi mwanzo na kuanza upya. Kwenye mashine ya megahezi 2 kila hatua huchukua sehemu mbili za milioni za sekunde, na njia ya juu kabisa ya anwani, A15, hupiga mara saba na nusu hivi kwa sekunde, mwendo ambao jicho linauona kwenye taa ndogo. Inayoifuata chini yake hupiga mara mbili ya hapo, na inayofuata mara mbili tena. Njia isiyozidisha imekatika. Mbili zinazopiga sawasawa zimegusana. (Zile saba za chini huchafuliwa na anwani ambazo Z80 huzitoa kwa ajili ya kuburudisha memori, kwa hiyo busara ni kuanzia juu.) Kutoka hapo hufuatwa chipu moja baada ya nyingine: kinachoingia kinapiga, kinachotoka hakipigi, basi marehemu ameonekana.

Kabla ya jaribio hilo kueleweka, lawama zote huangukia prosesa, na hapa ndipo haki ya chipu mbovu inapong'aa. Z80 hung'olewa na kununuliwa nyingine, kisha nyingine. Kipande chenye transista zaidi ya elfu nane hufedheheshwa na kipande chenye mageti manne, na wauzaji wa prosesa hawajapata kulalamika.

Kuna njia ya mkato inayopendwa na wenye haraka: chipu nzima ya namba ile ile hubandikwa mgongoni mwa inayoshukiwa, mguu kwa mguu, mashine ikiwa imezimwa, kisha huwashwa. Kama iliyo chini ilikufa kwa kuelea mguu wa kujibu, aliyebebwa huisemea na mashine huamka. Kama ilikufa kwa kung'ang'ania ardhi, hushinda, kwa kuwa TTL ina nguvu zaidi ya kuvuta chini kuliko ya kusukuma juu. Mfu mmoja amshinde mzima mmoja hadharani: si kila chipu inaweza kujivunia hilo.

Haitendi peke yake. Soketi za bei rahisi, ambazo chuma chake hulegea kwa miaka, ni washirika wake waaminifu, na miguu iliyopakwa fedha ambayo imegeuka myeusi humpa fundi ugonjwa bila mgonjwa. Chipu ikichomolewa na kurudishwa, uchafu hukwaruzika na mashine hupona kwa wiki kadhaa. Heshima ya uponyaji huo huandikwa kwa chipu mpya iliyowekwa, hata kama ile ya zamani haikuwa na kosa.

Mazishi yake yana taratibu. Ikiwa imelehemewa moja kwa moja kwenye bodi, haivutwi nzima, kwa kuwa nyuzi nyembamba za shaba za miaka ya 1970 hubanduka pamoja nayo. Miguu hukatwa mmoja mmoja karibu na tumbo, kiwiliwili huondolewa, kisha kila mguu huchomolewa kwa pasi na koleo. Mahali pake huwekwa soketi, safari hii ya mashimo ya mviringo. Ikitoka kwenye soketi ikiwa na miguu yake yote, hukatwa angalau mmoja kabla ya kutupwa. Fundi asiyefanya hivyo huiweka mezani kwa muda, kutoka mezani huingia kwenye droo, na ndani ya droo inalala na wenzake wa namba ile ile mpaka siku itakapotafutwa chipu nzima ya kubandika mgongoni mwa nyingine.