Jua Tulitoa Sisi

Sisi wa Korogwe tumezoea kupitwa. Basi la Arusha linapita, la Moshi linapita, lori la saruji linapita na kutuachia vumbi. Anayesimama anataka chai na chapati, hajamaliza kutafuna konda keshagonga bodi. Ndiyo maana mwaka 2017, tuliposikia kuna wageni wanapeleka kompyuta vijijini, tena ndani kabisa huko Handeni ambako bodaboda hudai nauli ya kwenda na ya kurudi, nilisema hawa wamepotea njia.

Kumbe njia walikuwa wanaijua. Lilikuwa shindano la XPRIZE, dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk, na sharti lake lilinichoma: tengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Bila mwalimu! Sisi wa Korogwe, wilaya yenye chuo cha ualimu, unatuletea habari ya bila mwalimu. Serikali ikakubali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakaingia, vikachaguliwa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga. Watoto karibu 3,000 wakapewa vishikwambi vilivyotolewa na Google. Asilimia 74 yao ilielezwa kuwa hawajawahi kusoma shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Chaji ilitoka juani. Hapo nina neno langu. Kituo cha Hale kiko wilaya hii hii ya Korogwe, kilianza kufua umeme kwa maji ya mto Pangani mwaka 1964, nyaya zinatupita juu ya vichwa kwenda kwa wenyewe. Vijiji vya shindano vikafungiwa paneli za jua, mama wa kijiji akakabidhiwa kuzisimamia.

Miezi 15 ikapita, na wale wasioweza kusoma hata neno moja wakapungua kwa nusu. Mei 2019, huko Los Angeles, wakatangazwa washindi wawili: onebillion ya London na Kitkit School ya Wakorea waliohamia Marekani. Kila mmoja dola milioni 5. Na kabla ya hapo timu tano za fainali zilishachukua milioni moja moja. Lugha yetu, watoto wetu, jua letu, cheki yao. Mimi bado nasubiri mgawo.

Kwamba watoto walijifunza, sibishi. Nina ushahidi unaokula kwangu kila likizo. Mjukuu wa dada yangu, wa huko Handeni, alikuwemo. Tangu ajue kusoma nyumba yangu haina siri. Anasoma ubavu wa basi, anasoma daftari la madeni la dukani, anasoma simu yangu, tena kwa sauti ya kuhutubia mkutano: “Babu! Wanasema, ‘Mpendwa mteja, deni lako limepita siku ya malipo!’” Mke wangu yuko jikoni, kimya. Kimya kile nakijua.

Ila anayenitoa jasho ni kaka yake mkubwa. Kamaliza kidato cha sita, anataka mkopo wa chuo, na maombi ya Bodi ya Mikopo ni ya mtandaoni. Kwao mtandao unashika ukipanda juu ya kichuguu, basi kaja kwangu na bahasha ya vyeti kwapani, tukaongozana hadi steshonari moja hapa mjini.

Kompyuta ni moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Kijana wa kaunta anauza soda, anapiga picha za pasipoti, anatoa fotokopi, na katikati ya hayo anaandika kwa vidole viwili. Nusu ya herufi za kibodi zimefutika, anazitafuta kwa kumbukumbu. “Imeili yako?” Hana. Akamfungulia hapo hapo, akambunia na nywila, akaiandika kwenye daftari lake. Nikachungulia: nywila za vijana wa kata nzima zimo humo, kati ya deni la soda na hesabu za fotokopi.

Mjukuu wangu akanyoosha mkono, akaomba aandike jina lake mwenyewe. Akazuiwa. “Usiguse, utaniharibia mashine. Mzee, mwambie akae.”

Mtoto wa miaka minane, asiyejua hata *a*, aliaminiwa kishikwambi kizima porini Handeni. Huyu wa kidato cha sita haaminiwi kibodi yenye nusu ya herufi. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 wamepewa walimu, na hilo nalipongeza, lakini kijana aliyekwisha kutoka shule atashika cha nani? Mlango wa chuo uko mtandaoni, wa ajira uko mtandaoni, na funguo zote ziko kwenye daftari la kaunta. Mimi ningekuwa mwizi, ningeiba daftari lile.

Kwa hiyo bilionea yeyote unayesoma safu hii, na hata tajiri wa mkonge nakukaribisha: leta shindano la pili. Mshindi awe yule atakayefungua chumba cha kompyuta kumi hapa Korogwe na kingine Handeni, kijana aingie, akae, aandike jina lake kwa mkono wake na nywila yake aijue peke yake. Dola milioni 15 ni nyingi mno, tutaridhika na kibodi zenye herufi zote. Jua tutatoa sisi kama kawaida. Ila safari hii mgawo upitie kwangu, maana lile deni nalo limeshasomwa hadharani.